Fimbo Ilitangulia, Funguo Zikafuata: Tuliyojifunza Katika Kukabidhiwa Kanisa na Wamisionari

Tanganyika ilipata askofu wake wa kwanza mzalendo karibu miaka 10 kabla ya kupata uhuru. Laurean Rugambwa aliwekwa wakfu tarehe 10 Februari 1952, na Machi 1960 akatangazwa kardinali, Mwafrika mweusi wa kwanza kupewa cheo hicho katika zama zetu. Bendera ya Mwingereza ilikuwa bado inapepea. Lakini Dar es Salaam, mji mkuu wa nchi iliyokuja kuwa huru Desemba 1961, iliendelea kuongozwa na mmisionari wa shirika la Wakapuchini kutoka Uswisi, Askofu Mkuu Edgar Maranta, mpaka 1968. Kenya nako uhuru ulikuja Desemba 1963, na Nairobi ikampata Maurice Otunga kuwa askofu mkuu Oktoba 1971.

Tarehe hizi ziwekwe pamoja, maana zinaonyesha jambo ambalo watu wengi hulikosea. Makabidhiano ya Kanisa hayakwenda na bendera. Mahali pengine yalitangulia, pengine yalichelewa, na karibu kila mahali yalifanyika mara mbili: kwanza alisimikwa askofu mzalendo akapewa fimbo yake, kisha, baada ya miaka kumi, ishirini au zaidi, ndipo zikaja funguo. Kwa funguo tunamaanisha hati za ardhi, akaunti za benki, kadi za magari, madaftari, stoo na karakana. Sherehe ya fimbo hupigwa picha. Makabidhiano ya funguo hayapigwi picha, na humo ndimo majimbo mengi yaliumia. Sisi ambao kazi yetu ni kufungua makabati ya chuma ya ofisi za majimbo tunayaona majeraha hayo hadi leo, kwa sababu zipo parokia zinazotoka mikononi mwa mashirika ya wamisionari kwenda kwa mapadre wa jimbo sasa hivi, na makosa ni yale yale.

Tuanze na palipofanywa vizuri. Uganda, mwaka 1939, Roma haikumpa Joseph Kiwanuka, askofu mzalendo wa kwanza wa huko, eneo lote la Buganda. Lilikatwa kipande, Masaka, na kipande hicho kikakabidhiwa mapadre Waafrika peke yao. Askofu mmisionari Henri Streicher alikuwa ameandaa njia hiyo kwa miaka mingi. Seminari kuu ya Katigondo ilikuwapo tangu 1911, mapadre wawili wa kwanza, Bazilio Lumu na Victor Mukasa, walipata daraja la upadre 29 Juni 1913, na kabla ya 1939 wamisionari walikuwa wamekwisha kuanza kuondoka Masaka parokia baada ya parokia. Bukoba ikafuata njia hiyo hiyo. Desemba 1951 ilikatwa Kagera Chini kutoka Bukoba, ikapewa Rugambwa, na Machi 1953 ikawa Jimbo la Rutabo. Wamisionari wa Afrika, yaani shirika la Mapadre Weupe, walibaki na sehemu nyingine. Mwaka 1960 majina yakageuzwa: Rutabo ikaitwa Bukoba, na lile jimbo lililokuwa likiitwa Bukoba likawa Rulenge, likaendelea chini ya askofu mmisionari hadi alipokuja Christopher Mwoleka mwaka 1969. Mzalendo alikuwa amepewa kiini, mmisionari akasogea pembezoni, kwenye kazi ya kuanzisha upya. Kama kuna mpango mmoja wa makabidhiano unaostahili kuigwa, ni huu.

Ulifaulu kwa sababu zinazohesabika. Seminari ndogo ya Rubya ilianza 1904. Mapadre wanne wa kwanza wa Tanganyika walipata daraja tarehe 15 Agosti 1917. Askofu akapatikana 1952. Kutoka dawati la kwanza hadi askofu ni miaka 48. Hesabu ya leo haina tofauti kubwa kwa upande wa padre mmoja mmoja: miaka sita ya sekondari, mwaka wa malezi, falsafa, mwaka wa uchungaji, teolojia miaka minne. Toka kijana aingie seminari ndogo hadi apewe daraja ni miaka isiyopungua 14, na wengi huishia njiani. Kwa hiyo jimbo linaloambiwa leo kwamba shirika litaondoka baada ya miaka mitatu haliwezi kuandaa padre hata mmoja kwa muda huo. Litawatoa mahali pengine, na huko nako patapwaya.

Jambo la pili si la bahati: Kiwanuka na Rugambwa wote wawili walisomea sheria za Kanisa huko Roma. Walijua kusoma mkataba. Walijua tofauti kati ya mali ya shirika, mali ya parokia na mali ya jimbo. Tunalisisitiza hili kwa sababu majimbo mengi bado humpeleka padre kusomea teolojia ya Maandiko kabla ya kumpeleka hata mmoja kusomea sheria au uhasibu, halafu siku ya kukabidhiwa wanakaa mezani na msimamizi wa mali wa shirika mwenye uzoefu wa miaka 30, wao wakiwa na daftari la shule na kalamu.

Ili kuelewa kwa nini mali ilichanganyika, lazima kuelewa utaratibu wa zamani. Roma ilikuwa ikilikabidhi shirika moja eneo zima. Wamisionari wa Afrika walikuwa na Ziwa na Tabora, Shirika la Roho Mtakatifu lilikuwa na Bagamoyo na Kilimanjaro, Wabenediktini walikuwa na Peramiho na Ndanda, Wakapuchini walikuwa na Dar es Salaam kuanzia 1921, Wakonsolata walikuwa na Iringa. Shirika lilileta watu, lilileta fedha, na askofu alitoka humo humo. Askofu na mkuu wa shirika walikula chungu kimoja. Hakuna aliyehitaji kuandika kwamba msumeno huu ni wa jimbo na randa hii ni ya shirika, kama vile mume na mke wasivyoandikiana stakabadhi za sufuria. Utaratibu huo ulifutwa kwa majimbo tarehe 24 Februari 1969, kwa waraka wa Idara ya Roma inayosimamia misheni. Tangu hapo askofu ndiye mwenye jimbo, na shirika linafanya kazi humo kwa mkataba. Miezi mitano baadaye Papa Paulo VI alifika Kampala akawaambia Waafrika kwamba sasa wao ndio wamisionari kwao wenyewe. Maneno hayo yanakumbukwa na kila mtu. Waraka wa Februari hakuna anayeukumbuka, na ndio uliobadilisha umiliki wa funguo.

Abasia, yaani monasteri zinazoongozwa na abate, ndizo zilizokuwa ngumu kuliko zote. Peramiho, abate alikuwa mkuu wa watawa na wakati huo huo kama askofu wa eneo lote. Mwaka 1969 likaundwa Jimbo la Songea chini ya Askofu James Komba, na abasia ikabaki kuwa nyumba ya watawa. Mtu afikirie maana yake pale uwanjani: kanisa, shule, karakana, mashamba, mabomba ya maji, vyote vimejengwa na mikono ya mabruda wale wale kwa miaka 70, na kila kimoja sasa kinaulizwa, wewe ni wa nani? Hakuna jibu la jumla. Kila jengo huulizwa peke yake.

Sheria ya sasa ya Kanisa, ile ya 1983, inatoa vipimo viwili ambavyo vikisomwa kimoja kimoja huleta ugomvi, vikisomwa pamoja huleta amani. Kanuni ya 668 inasema anachokipata mtawa kwa kazi yake ni cha shirika lake. Kanuni ya 1267 inasema kinachotolewa kwa msimamizi wa kazi ya Kanisa huhesabiwa kimetolewa kwa kazi hiyo, mpaka ithibitike vinginevyo, na kilichotolewa kwa nia maalumu kitumike kwa nia hiyo tu. Chukua gari la parokia. Wafadhili wa kijijini kwao paroko, tuseme huko Uholanzi, walichanga likanunuliwa. Alipewa yeye kama mtawa, au ilipewa parokia kupitia kwake? Jibu limo katika barua ya wafadhili. Kama barua inasema "kwa ajili ya safari za vigangoni", yaani kwenye makanisa madogo yaliyo chini ya parokia, gari linabaki, hata kama kadi ina jina la shirika. Kama inasema ni zawadi ya jubilei ya padre wetu, linaondoka naye, na waumini waelezwe hivyo mapema, siyo wamwone akiondoka nalo asubuhi waanze kunong'ona kwamba mzungu kaiba. Kwa hiyo jambo la kwanza kuomba katika makabidhiano siyo gari lenyewe. Ni faili la barua za wafadhili.

Orodha ya mali, kwa mujibu wa kanuni ya 1283, inaandikwa kabla msimamizi mpya hajaanza kazi: majengo, ardhi, vitu vya thamani, vitu vyenye urithi wa utamaduni, pamoja na maelezo na thamani yake. Nakala moja hukaa parokiani, nyingine ofisi ya jimbo. Uzoefu unatufundisha kuandika ya tatu, ya shirika linaloondoka, na kila ukurasa usainiwe na pande zote. Kosa la kawaida ni kuandika "vyombo vya kanisa" kwa ujumla. Andika kalisi ngapi, zipi za fedha na zipi zimepakwa dhahabu tu, monstransi, vyetezo, mavazi kwa rangi zake. Andika jenereta pamoja na namba ya injini. Andika na deni, kwa sababu padre mpya mara nyingi hugundua deni la mabati pale mwenye duka anapofika mlangoni. Kazi hii kwa parokia moja yenye vigango huchukua siku nne au tano ikifanywa kwa uaminifu, na hufanywa kwa kuzunguka kila chumba, siyo kwa kunakili orodha ya zamani.

Ardhi ndiyo inayoua. Misheni nyingi zilipata maeneo yao enzi za Mjerumani, kwa umilikaji wa kudumu. Sheria ya Tanganyika ya mwaka 1963 iliugeuza umilikaji huo kuwa upangaji wa serikali wa miaka 99, na mwaka 1969 upangaji huo ukageuzwa kuwa haki ya kukalia ardhi kama tunavyoijua. Katikati ya miaka ya 1970 ikaja Operesheni Vijiji, watu wakahamishiwa penye maji, barabara na zahanati, na mara nyingi pahali hapo palikuwa ni misheni. Mapadre wa wakati ule hawakuona vibaya kuwapa watu mahali pa kujenga, na hawakukosea kiutu. Kilichokosekana ni karatasi. Leo mjukuu wa aliyepewa ana nyumba ya matofali ndani ya hati ya parokia, na pande zote mbili zinasema kweli.

Kwa hiyo katika makabidhiano hati isomwe mistari minne: jina la mmiliki, ukubwa, muda uliobaki, na matumizi yaliyoruhusiwa. Jina ndilo linalotangulia. Likiwa ni la Wadhamini Waliosajiliwa wa shirika, makabidhiano ya mdomo hayana maana yoyote mbele ya sheria za nchi, lazima uhamisho ufanyike ofisi ya ardhi kwenda kwa Wadhamini Waliosajiliwa wa jimbo. Likiwa ni la askofu wa zamani kwa jina lake binafsi, na yapo, hilo ni jambo la kushughulikiwa angali hai. Kisha watu watoke ofisini wakatembee mpakani na wazee wa kijiji wawili au watatu, watafute bikoni, yaani alama za mpaka, moja moja. Bikoni isiyoonekana iandikwe kuwa haionekani. Stakabadhi za kodi ya pango la ardhi ziangaliwe za miaka yote, maana malimbikizo humfuata mmiliki mpya.

Sasa fedha, na hapa inabidi tukae kidogo. Mmisionari alikuwa na mito mitano iliyomwagilia misheni yake. Wa kwanza ni ruzuku ya Roma kutoka mashirika ya kipapa: lile la Uenezaji Imani lililoanzia Lyon mwaka 1822, lile la Utoto Mtakatifu, na lile la Mtume Petro kwa ajili ya seminari. Wa pili ni ndugu na wafadhili wake wa nyumbani. Wa tatu ni ruzuku ya serikali ya kikoloni kwa shule. Wa nne ni kazi za mikono: mashamba, useremala, uchapaji, na juu ya yote mabruda, waashi na makanika waliofanya kazi maisha yao yote bila mshahara. Wa tano, mwembamba kuliko yote, ni sadaka ya waumini.

Tazama kilichotokea. Wa pili ulikuwa ni wa mtu, haukuwa wa mahali. Wafadhili walimjua mtoto wa kijijini kwao, si parokia, na alipoondoka barua ziliacha kuja. Wa tatu ulikauka kwa Sheria ya Elimu ya 1969, shule zilipotaifishwa na seminari tu zikaachwa. Tena shule hazikuondoka peke yake, ziliondoka na walimu ambao ndio waliokuwa wakifundisha dini, jimbo likabaki linatafuta makatekista wa kulipwa na mfuko wake. Wa nne ulipungua kila bruda mmoja alipozeeka, kwa sababu fundi wa kuchukua nafasi yake ana mke na watoto, naye anastahili ujira. Ni mto wa kwanza na wa tano tu uliobaki. Askofu mzalendo wa mwaka 1970 alipewa majengo yaliyojengwa kwa mito mitano ayatunze kwa miwili. Anayesema kwamba mapadre wetu walishindwa kutunza walichoachiwa afanye hesabu hii kwanza.

Tufanye nyingine, ya parokia ya mfano. Ina familia 600 katika jumuiya 40, na vigango 12. Kila familia ikitoa zaka ya shilingi 2,000 kwa mwezi inapatikana 1,200,000. Padre akienda kila kigango mara mbili kwa mwezi, na wastani wa umbali ukiwa kilomita 18 kwenda, ni kilomita 864. Gari kuukuu linalokwenda kilomita 8 kwa lita linakula lita 108, na kwa bei ya 3,000 ni 324,000. Makatekista 12 wakipewa posho ya 50,000 kila mmoja ni 600,000. Mpishi na mlinzi, 150,000 kila mmoja, ni 300,000. Jumla 1,224,000. Fedha zimekwisha kabla hatujanunua hostia, divai, umeme, wala kupeleka asilimia ya jimbo, wala padre hajala. Na hiyo ni kama familia zote zimelipa. Zikilipa nusu, parokia inazama. Badilisha gari kwa pikipiki inayokwenda kilomita 35 kwa lita: mafuta yanashuka hadi karibu 75,000. Uamuzi huo mmoja ni sawa na zaka ya familia zaidi ya 120. Gari kubwa tuliloachiwa lilikuwa zawadi ya kweli kwa aliyekuwa na mto wa pili. Kwa asiye nao linaweza kuwa mzigo, na paroko asione aibu kuliuza kwa ruhusa ya askofu.

Kilichookoa majimbo ni jumuiya ndogondogo za Kikristo. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walizikazia katika mikutano yao ya 1973 na 1976, na ingawa shabaha yake ilikuwa ya kiroho, ndizo zilizofanya zaka iwezekane, kwa kuwa familia 15 zinajuana na kiongozi wao ni jirani. Masaka walikuwa wameona mbali zaidi: Kiwanuka aliunda halmashauri za parokia za walei waliochaguliwa, na vyama vya wazazi kwa ajili ya shule, miaka mingi kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Mlei aliyeshirikishwa kuhesabu ndiye anayeshawishika kutoa.

Na kuhesabu kwenyewe kuna namna. Misa imekwisha, vikapu vinamiminwa juu ya meza ya sakristia, mlango uko wazi. Wanakaa walei watatu wasio wa ukoo mmoja. Noti zinapangwa kwa thamani, sarafu zinafanywa mafungu ya kumi kumi. Mmoja anahesabu, wa pili anarudia, wa tatu anaandika kwenye kitabu chenye kurasa zilizopigwa namba. Wote wanasaini, padre anasaini wa mwisho, na kiasi kinatangazwa Jumapili inayofuata. Sefu ina funguo mbili kwa watu wawili. Mmisionari wa zamani aliweza kubeba sadaka chumbani kwake asiulizwe, kwa kuwa kila mtu alijua anaongeza kuliko anavyochukua. Padre wa jimbo hana kinga hiyo. Ana wazazi, ana wadogo zake wanaosoma, hakuweka nadhiri ya ufukara, na ukoo unamtazama. Utaratibu mkali wa kuhesabu unamlinda yeye kuliko unavyomlinda mwingine yeyote, na mapadre vijana wanaolalamika kwamba hawaaminiwi waelezwe hivyo kwa upole.

Hapa pana jambo linalotuuma, na tutalisema. Zaka ilipokuwa ngumu kukusanya, mahali pengine kadi ya zaka ikageuzwa kuwa pasi: haijajazwa, mtoto habatizwi, marehemu hazikwi na padre. Hilo si Kanisa kujitegemea. Kanuni ya 848 inakataza mhitaji kunyimwa sakramenti kwa ajili ya umaskini wake, na ya 1181 inasema vivyo hivyo kuhusu mazishi. Mjane aliyesimama kaburini akisubiri padre asiyekuja hatarudi, na watoto wake hawatarudi. Deni la zaka lifuatwe na kiongozi wa jumuiya nyumbani, kwa mazungumzo, familia ikiwa na uhai na nafasi ya kujieleza. Kaburi lisiwe mahali pa kudai.

Kuna kitabu kimoja ambacho husahauliwa karibu kila makabidhiano: kitabu cha nia za Misa, yaani maombi ambayo waumini hutolea sadaka ili Misa iadhimishwe kwa ajili yake. Padre anaruhusiwa kubaki na sadaka ya Misa moja tu kwa siku. Ya Misa ya pili inakwenda kwenye shabaha aliyoiweka askofu, isipokuwa Noeli. Misionari wengi walipokea nia nyingi kutoka Ulaya. Siku ya kuondoka, nia ambazo hazijaadhimishwa ni deni la haki, na zile zilizopita mwaka zinapaswa kupelekwa kwa askofu, au kwa mkuu wa shirika kama padre ni wa shirika. Fungua kitabu, piga mstari chini ya nia ya mwisho iliyotimizwa, hesabu zilizobaki, na pokea fedha zake zikiwa kamili. Ukipokea kitabu bila fedha umepokea deni.

Madaftari ya ubatizo yashughulikiwe kwa heshima zaidi kuliko fedha. Daftari la zamani ni zito, jalada gumu, safu zake zimeandikwa Kilatini: namba, siku, jina, wazazi, wasimamizi, mhudumu. Pembeni kuna pambizo pana, na pambizo hiyo ndiyo roho ya daftari. Humo huandikwa kipaimara, ndoa, nadhiri, daraja. Bibi arusi wa leo Mwanza aliyebatizwa kigangoni Ngara hathibitishiki kuwa huru kuolewa mpaka pambizo hiyo isomwe. Kinachoharibika ni hiki: katika miaka ya kukabidhiana, taarifa za ndoa zinazotoka parokia nyingine hutumwa kwa jina la paroko aliyekwisha kuondoka, zinarundikwa kwenye droo, haziandikwi. Droo hiyo itafutwe. Andikeni taarifa zote kabla ya kusaini. Na majina yapitiwe na katekista mzee, kwa kuwa padre Mfaransa na padre Mjerumani waliandika jina lile lile la Kihaya kwa herufi tofauti, na ni mzee tu anayejua kwamba hao wawili ni mtu mmoja.

Pamoja nayo kuna shajara ya misheni. Wamisionari wa Afrika walitakiwa kuandika kila siku yaliyotokea kituoni: mvua, nzige, ugonjwa, ziara ya mtemi, idadi ya wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa. Ni mali ya shirika na huenda kwenye hifadhi yao. Lakini shirika likiombwa kwa adabu huruhusu nakala, na siku hizi picha za simu zinatosha kuanzia. Parokia isiyo na nakala itasherehekea jubilei ya miaka 100 bila kujua nani alichimba kisima chake.

Watumishi nao wakabidhiwe kwa majina. Mpishi wa miaka 22, mlinzi, dereva, nesi wa zahanati: mkataba wa kila mmoja, na michango yake ya hifadhi ya jamii tangu alipoanza. Ikionekana haikupelekwa, iamuliwe mezani, shirika likiwapo, nani atalipa miaka ipi. Baada ya shirika kuondoka hakuna wa kuuliza, na mzee atakayestaafu bila kitu atakuwa amekaa nje ya kanisa lako kila Jumapili.

Na yule mmisionari mzee anayeomba kubaki? Abaki, kama afya inaruhusu na kama ni yeye anayetaka, lakini iandikwe kazi yake na isiwe ya fedha. Ahamie chumba kingine, paroko mpya aingie chumba cha paroko siku ya kwanza, na funguo za stoo ziwe mkononi mwa paroko. Watu watamwendea mzee kwa mazoea kuomba ruhusa. Jibu lake la miezi sita ya kwanza, "nenda kwa paroko", lina uzito kuliko hotuba ya askofu siku ya kusimika. Tumeona wazee wakilitamka kwa unyenyekevu mkubwa, na vijana wakiwauguza hadi mwisho kama baba zao.

Mkataba wa shirika na jimbo, wanaotakiwa kuuandika kwa kanuni ya 520 na ya 681, unataja mambo matatu: kazi yenyewe, watu watakaopangwa, na fedha. Mkataba wa namna hiyo unatuhusu na sisi tunaotuma watu: sasa hivi mapadre wetu wako Ujerumani, Italia na Marekani wakihudumia parokia ambazo watoto wake waliacha kwenda seminari. Wanaondoka na barua ya askofu na tiketi ya ndege. Muda wao, bima, mahali pa kulala wakizeeka, na nani atawanunulia tiketi ya kurudi, vyote viandikwe kabla hawajapanda ndege, nakala moja ikae kwenye kabati la chuma la jimbo lililowazaa.